Ini na Jicho la Sauti

Katika viungo vya mwili wa mwanadamu viko vilivyo wepesi wa kulalamika, na viko vilivyo wastahimilivu. Jino likitoboka kidogo, mwenye nalo hapati usingizi. Mwiba ukiingia katika unyayo, mwili mzima husimama. Lakini ini, ambalo kwa mtu mzima lina uzito wa kiasi cha kilo moja na nusu, hufanya kazi yake chini ya mbavu za kulia bila ya kusikika. Huchuja damu, hutengeneza nyongo isaidiayo kusaga mafuta, huweka akiba ya sukari, na huvunja sumu zinazoingia mwilini pamoja na chakula na kinywaji. Ndani yake hamna mishipa ya maumivu. Ngozi nyembamba ilizungukayo kwa nje ndiyo yenye hisia. Kwa sababu hiyo ini likiugua halilii. Sehemu yake kubwa huweza kuharibika, na sehemu iliyosalia ikabeba mzigo wote, mpaka siku mzigo umshindapo mbebaji. Siku hiyo macho hugeuka manjano, miguu huvimba, na tumbo hujaa maji. Jamaa husema kwamba ugonjwa umeanza leo. Kumbe leo ni siku ya kujulikana kwake tu. Kuanza ulianza miaka kumi au ishirini iliyopita.

Msiba huu huwa mzito zaidi mgonjwa awapo kijana. Mzee afapo watu husema kwamba siku zake zimetimia. Lakini kijana wa miaka ishirini na mitano au thelathini ni mlinzi wa wazazi wake na mlezi wa wanawe. Katika nchi za Afrika ugonjwa wa ini umekuwa na desturi ya kuwachukua watu katika umri huo. Insha hii yasimulia mambo mawili yaliyokwenda sambamba: jinsi watu wa Kenya walivyopata kuzijua sababu za ugonjwa huo, na jinsi elimu ilivyopata jicho la kulitazama ini lililo hai bila ya kulipasua. Kwa mfano wetu tutaanzia mahali pawili mjini Nairobi, yaani Kibera na Kawangware, maana sababu zote tutakazozitaja zimekutana hapo.

Kibera ilianza kwa askari. Mwanzoni mwa karne ya ishirini askari wa Kinubi, waliotoka Sudan na kutumikia katika jeshi la Waingereza la King's African Rifles, walipewa ruhusa ya kukaa pamoja na jamaa zao katika pori lililokuwa pembeni mwa mji mchanga wa Nairobi. Katika lugha yao waliliita Kibra, maana yake pori au msitu. Kawangware iko upande wa magharibi, katika Dagoretti, na ardhi yake ilikuwa mashamba ya Wakikuyu kabla jiji halijapanuka na kuimeza. Mahali pote pawili pamejaa vyumba vya kupanga, na wapangaji wengi ni vijana waliokuja kutafuta kazi: wengine kutoka mikoa ya kati, wengine Ukambani, wengine Magharibi na kandokando ya Ziwa Viktoria. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba Kibera peke yake ina watu milioni moja. Ilipofanywa hesabu ya watu ya mwaka wa 2009, walihesabiwa 170,070. Hesabu hiyo ilibishaniwa sana. Hata hivyo somo lake lafaa kukumbukwa katika habari hii yote, kwamba kitu kisichotazamwa hukisiwa, na makisio huweza kuwa mbali sana na kweli.

Sababu ya ugonjwa wa ini inayotajwa kwanza na watu ni pombe. Serikali ya kikoloni iliwakataza Waafrika vileo vikali, na pombe iliyotoneshwa kwa siri huko Kibera ilipata sifa mjini kwa jina la jini ya Wanubi. Kwa wajane na wanawake wasiokuwa na shamba wala mshahara, mtungi wa kutonesha ulikuwa karo ya watoto na kodi ya nyumba. Pombe ya jamii hiyo ndiyo iitwayo chang'aa. Mwaka wa 1980 ilipigwa marufuku kwa sheria yake maalumu; mwaka wa 2010 sheria hiyo ilifutwa na nyingine ikawekwa, inayotaka pombe itengenezwe na kuuzwa kwa masharti. Katikati ya miaka hiyo, Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walikufa mjini Nairobi, hasa katika vijiji vya Mukuru, kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Sumu hiyo huua kwa siku moja au mbili na hupofusha macho, na habari zake huenea katika magazeti. Pombe ya kila siku, ambayo hulitia ini mafuta, kisha uvimbe, kisha makovu, huua kwa miaka, wala haiandikwi na gazeti lolote.

Lakini yafaa tuseme wazi kwamba si kila mwenye ini bovu ni mlevi. Dhana hiyo imewafanya wagonjwa wengi wajifiche kwa aibu, na wazee wetu walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Wako waliougua bila ya kuonja tone la kileo. Sababu ya ugonjwa wao ilijulikana polepole, na ilianzia mbali.

Mwaka wa 1965 Baruch Blumberg, mganga wa Marekani, alitangaza habari ya kitu kigeni alichokiona katika damu ya mwenyeji wa asili wa Australia. Baada ya miaka michache ilithibitika kwamba kitu hicho ni sehemu ya virusi vya homa ya ini ya aina ya B. Blumberg alipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1976. Mwaka wa 1981 R. Palmer Beasley na wenziwe, waliowafuata wanaume 22,707 huko Taiwan, walionyesha kwamba wenye virusi hivyo walipata saratani ya ini kwa wingi usiolingana kabisa na wasiokuwa navyo. Ndipo fumbo la vijana lilipofumbuka. Mtu mzima aambukizwapo virusi hivi, mara nyingi mwili wake huvishinda. Mtoto mchanga aambukizwapo, katika kila watoto kumi tisa hubaki navyo maisha yao yote. Katika Afrika wengi huvipata utotoni, ama kwa mama wakati wa kuzaliwa, ama kwa watoto wenzao kwa njia ya damu na vidonda katika miaka ya mwanzo. Kwa hiyo mtu aliye na miaka thelathini huweza kuwa na ugonjwa wenye umri wa miaka thelathini. Mbegu ilipandwa kabla hajajua kutembea, na mavuno yamekuja wakati wa nguvu zake.

Chanjo ya kuvizuia virusi hivi ilipatikana katika miaka ya 1980, na mwaka wa 1992 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi zote kuiweka katika chanjo za watoto. Kenya iliianza mwishoni mwa mwaka wa 2001, ikiwa imechanganywa na chanjo nyingine katika sindano moja, inayotolewa mtoto awapo na wiki 6, 10 na 14. Tarehe hiyo ni kama mpaka uliochorwa katikati ya nyumba. Waliozaliwa baada yake, wakapelekwa kliniki, waliikuta kinga ikiwangojea. Kaka zao na dada zao waliozaliwa kabla yake hawakuikuta.

Sababu ya tatu hukaa ghalani. Mwaka wa 1960 bata mzinga wapatao 100,000 walikufa katika Uingereza kwa kula chakula kilichotengenezwa kwa karanga zilizoota kuvu. Sumu ya kuvu hiyo, ambayo siku hizi huitwa sumukuvu, ilionekana kuwa adui wa ini. Kenya ni miongoni mwa nchi zilizouchunguza uadui huo mapema. Mwaka wa 1973 Peers na Linsell walichapisha utafiti wao uliofanywa Murang'a: walipima sumu katika vyakula vya watu wa milimani na vya watu wa mabondeni, wakaona kwamba palipokuwa na sumu nyingi zaidi, saratani ya ini nayo ilizidi. Mwaka wa 1981 watu 12 walikufa Machakos kwa kula mahindi yenye kuvu. Mwaka wa 2004 msiba ulirudi kwa ukubwa zaidi katika Makueni, Kitui na jirani zake: watu 317 waliugua, na 125 wakafa. Mkaaji wa mjini asidhani kwamba hiyo ni habari ya mashambani tu. Mahindi ya mashambani ndiyo unga wa Kawangware, na sumu hii haiondoki kwa kupikwa. Tena mwili wenye virusi vya aina ya B ukilishwa sumukuvu, hatari ya saratani huongezeka maradufu na zaidi.

Iko na sababu ya nne, wanayokuja nayo baadhi ya wale waliokulia ziwani au katika mashamba ya umwagiliaji. Nayo ni kichocho cha matumbo. Mayai ya mdudu huyu huchukuliwa na damu mpaka katika ini, na makovu yake huziba mapito ya damu, hata bandama ikafura na mishipa ya umio ikatuna. Kijana wa namna hii huweza kuonekana mzima, mpaka siku atapikapo damu ghafula.

Basi waganga waliijua nusu ya habari: waliyajua mabaya yalipataje ini. Nusu ya pili, yaani kuyaona mabaya hayo ndani ya mtu aliye hai, ilikuwa ngumu. Hospitali kubwa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka wa 1901 kwa ajili ya Waafrika, ikapewa jina la King George VI mwaka wa 1952, na baada ya uhuru ikaitwa Kenyatta, haiko mbali na Kibera. Kwa miaka mingi mganga wa hospitali kama hiyo alikuwa na vidole vyake. Alimlaza mgonjwa chali, akamwambia avute pumzi, akaubonyeza upande wa kulia aone kama ukingo wa ini umeshuka chini ya mbavu. Alipiga tumbo kwa ncha za vidole kama apigaye ngoma, akasikiliza palipo na maji na palipo na hewa. Ni ufundi wa kuheshimiwa, na hata leo haujaachwa. Lakini vidole hugusa ukingo tu. Picha za eksirei, zilizogunduliwa na Röntgen mwaka wa 1895, huonyesha mifupa vizuri, lakini nyama laini za ini huonekana kama kivuli kisicho na habari. Ilibaki sindano ndefu ya kuchota kipande cha ini, na sindano hiyo ina hatari ya kumwaga damu.

Njia ilitoka kwa popo. Katika miaka ya 1790 Spallanzani wa Italia aliona kwamba popo aliyepofushwa huruka bila ya kugonga kitu, bali aliyezibwa masikio hugonga. Popo hupiga sauti nyembamba mno, kisha husikiliza mwangwi wake. Sikio la mwanadamu halisikii sauti inayotetema zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde, na hiyo ipitayo kiasi hicho ndiyo iliyopewa jina la altrasaundi. Mwaka wa 1880 Pierre Curie na nduguye Jacques waligundua kwamba fuwele za namna fulani zikibanwa hutoa umeme. Na baadaye ilionekana kwamba zikipewa umeme hutetema. Katika Vita Kuu ya Kwanza Paul Langevin alizitumia fuwele hizo kutafuta nyambizi chini ya maji kwa mwangwi. Chombo cha vita kikawa kinangoja mtu wa kukigeuza kuwa chombo cha tiba.

Mtu huyo alitokea Glasgow, katika Uskoti, mji wa kuunda meli. Ian Donald, mganga wa wanawake, pamoja na mhandisi Tom Brown na mganga John MacVicar, walikijaribu chombo cha kupimia nyufa za vyuma katika matumbo ya watu. Waliletewa mwanamke aliyesemekana kuwa anakufa kwa saratani ya tumbo, na tumbo lake limejaa maji. Mwangwi ulisema vinginevyo: hayakuwa maji yaliyoenea, bali mfuko mmoja mkubwa wa maji uliotokana na kifuko cha mayai ya uzazi. Ulitolewa kwa kisu, na mwanamke akapona. Habari zao zilichapishwa mwezi wa Juni 1958, na toka hapo chombo hakikudharauliwa tena.

Kazi yake ni nyepesi kueleza. Kichwa cha chombo huwekwa juu ya ngozi iliyopakwa mafuta mazito, kikatuma mitetemo milioni kadha wa kadha kwa sekunde. Katika nyama laini sauti hiyo huenda mwendo wa meta 1,540 kwa sekunde. Ikikuta kitu kilicho kwenda sentimeta 10 ndani, mwangwi hurudi kwa muda wa sehemu 13 za laki moja ya sekunde. Chombo hupima muda huo, huhesabu umbali, na huchora picha. Ini zima huonekana lenye chembe za kijivu zilizolingana. Ini lenye mafuta hung'aa kupita kiasi. Ini lenye makovu huwa na uso wa vinundu kama barabara mbovu. Maji huonekana meusi, na uvimbe hujitenga na jirani zake. Hapana kisu, hapana mionzi, wala hapana maumivu.

Chombo kilipofika Afrika, mojawapo ya kazi zake za kukumbukwa ilifanywa mbali na mji, lakini safari yake ilianzia jirani na Kibera. Kando ya mtaa huo uko uwanja wa ndege wa Wilson, na hapo ndipo penye makao ya AMREF, shirika la waganga warukao lililoanzishwa mwaka wa 1957. Katika kaskazini ya nchi, huko Turkana, watu walisumbuliwa na tegu wa mbwa, ambaye mayai yake yakimezwa na mtu hufanya mifuko ya maji mwilini, na hasa katika ini. Hapakuwa na watu wengi duniani waliopatwa na ugonjwa huo kuwashinda Waturkana wa kaskazini. Mwaka wa 1983 shirika lilianza mpango wa kuupunguza. Waturkana ni wachungaji wahamao. Hospitali ya kuwangojea ingengoja sana. Basi watafiti walichukua chombo kidogo cha altrasaundi wakawafuata huko huko waliko. Mwaka wa 1987 Macpherson na wenzake, miongoni mwao Zeyhle, Romig, Rees na Were, walitangaza kwamba kutazama kwa chombo hicho kulifaa zaidi katika kuwatambua wagonjwa kuliko kutegemea kipimo cha damu. Watu waliojiona wazima walionekana kuwa na mifuko katika maini, nao wakatibiwa kabla haijapasuka.

Funzo la Turkana ni kubwa kuliko ugonjwa wenyewe. Lilionyesha kwamba mgonjwa asiyelia hapatikani kwa kungojewa. Hupatikana kwa kufuatwa. Mkaaji wa Kibera hana jangwa la kuvuka ili afike hospitali. Huweza kuyaona mapaa yake. Lakini kibarua akosaye kazi siku moja hukosa chakula siku moja, na mtu asiyesikia maumivu haoni sababu ya kuitoa siku hiyo. Umbali wake haupimwi kwa maili. Kwa hiyo kituo cha afya kilicho ndani ya mtaa, kama kile ambacho AMREF hiyo hiyo ilikuja kukiendesha Laini Saba, kina thamani isiyolingana na ukubwa wa majengo yake. Siku hizi vyombo vya altrasaundi vimepungua ukubwa hata viko vinavyotoshea katika mfuko wa koti, na kuviingiza katika vichochoro si ndoto tena.

Hata hivyo tusikisifu chombo kupita haki yake. Altrasaundi huona umbo, haioni virusi. Mtu huweza kuwa na virusi vya aina ya B na picha ya ini lake ikawa safi. Yeye atajulikana kwa kipimo cha damu. Makovu ya mwanzo pia huweza kulikwepa jicho hili. Ndiyo sababu mwaka wa 2003 wataalamu wa Ufaransa walitangaza chombo kingine kiitwacho FibroScan, ambacho huligonga ini pole na kupima mwendo wa mtetemo: katika ini gumu mtetemo huenda mbio, na katika ini laini huenda taratibu. Tena kutazama mara moja hakutoshi kwa mtu aliye katika hatari. Mwenye makovu ya ini hushauriwa kutazamwa kila baada ya miezi sita, kwa kuwa saratani ionwapo ikingali ndogo huweza kuondolewa, na ikionwa kubwa hubaki kuhesabiwa siku.

Wala kuona si kuponya. Jicho la sauti huonyesha ufa; mwenye nyumba ndiye wa kuuziba, naye asipoziba ufa atajenga ukuta. Kwa bahati njema viko vya kuuzibia. Virusi vya aina ya B vina dawa ya kuvizuia, na mtu mzima asiyekuwa navyo huweza kuchanjwa. Kichocho kina dawa yake ya vidonge, prazikwanteli. Mahindi yaliyokaushwa vizuri hayaoti kuvu. Na ini la mnywaji, likiachiwa mapema, lina uwezo mkubwa wa kujijenga upya kuliko viungo vingi vya mwili.

Msomaji kijana, huenda wewe ulizaliwa upande wa pili wa ule mpaka wa mwaka wa 2001, ukachanjwa sindano tatu usizozikumbuka. Usijivune kwa kinga uliyopewa ukiwa umelala mgongoni mwa mama yako. Mtazame kaka yako aendaye kibaruani alfajiri, na dada yako auzaye mboga Kawangware mpaka usiku. Wao hawakuipata. Hawalalamiki, kwa kuwa hakuna kinachowauma. Nawe umekwisha kujua kwamba katika habari ya ini, kutouma si ushahidi wa uzima. Waambie waende wakapimwe damu, na mganga akisema, watazamwe ini. Ini haliwezi kujisemea. Basi yampasa mwenye elimu alisemee.